Mbwa Asiyejua Mpaka

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, watoto, sogeeni. Kaeni mkekani, hapa chini ya mwembe. Wewe wa Busia ya Uganda, karibu. Wewe uliyevuka na mama kutoka Busia ya Kenya kuja sokoni, karibu pia. Kivuli cha mwembe hakimuulizi mtu ametoka upande gani.

Mnamwona yule nyuma ya kibanda cha kuku? Ndiyo, huyo huyo. Rangi yake ni rangi ya vumbi la barabara ya Tororo. Mguu mmoja wa mbele ni mweupe, kama ameuchovya kwenye unga wa muhogo. Sikio moja limesimama. Sikio la pili limelala. Anatutazama kidogo, kisha anatazama pembeni.

"Mjomba, yule mbwa ni wa nani?"

Swali zuri, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Siku kumi zilizopita hakuwa na mwenyewe. Leo anakula hapa na kulala hapa. Mimi na yeye bado tunajuana.

"Anaitwa nani, mjomba?"

Hana jina. Jina tutalitafuta pamoja, lakini si sasa. Kwanza tumsikilize.

"Kwani mbwa anaongea?"

Anaongea kutwa! Anaongea kwa mkia. Anaongea kwa masikio. Anaongea kwa kugeuza uso. Sisi ndio hatusikii. Leo nitamwazima ulimi wangu ili mmsikie vizuri. Nyamazeni sasa. Mbwa anasema.

"Nilizaliwa Tororo, sokoni, chini ya meza ya muuza mihogo. Siku za kwanza sikuona wala sikusikia. Vilebu wote ndivyo tulivyo. Baada ya wiki mbili hivi macho yakafumbuka. Nikatoa kichwa nje ya meza. Nikaona kitu kikubwa mno kimelala juu ya mji. Nikadhani ni mbwa mkubwa, mkubwa kuliko mbwa wote duniani. Kumbe ulikuwa Mwamba wa Tororo.

"Tulizaliwa sita. Mama alikuwa mwembamba, na maziwa hayakututosha. Mmoja wetu alichukuliwa na muuza nyama. Mmoja alikanyagwa na pikipiki. Wengine sijui walikokwenda. Nikabaki peke yangu. Nina pua, nina mkia, sina jina.

"Pua ikaniambia, 'Twende.' Nikaifuata. Nikafuata barabara ya malori mpaka Malaba. Huko malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka. Madereva huwasha majiko yao kando ya barabara, wakapika, wakala, wakatupa mifupa. Foleni ikiwa ndefu, nilishiba. Foleni ikiwa fupi, nililala njaa. Siku nyingine nilikuwa upande wa Uganda, siku nyingine upande wa Kenya. Sikujua tofauti. Posho ya huku na ugali wa kule, harufu yake ni moja.

"Watu waliniita. Mmoja alisema embwa. Waiteso walisema ekingok. Wajopadhola walisema gwok. Madereva wa kutoka Mombasa walisema mbwa koko, wakanirushia jiwe. Maneno mengi, lakini yote yana maana moja tu: mbwa. Hakuna lililokuwa langu. Nina pua, nina mkia, sina jina."

Mmesikia, watoto? Mnaona anavyotazama pembeni? Anatazama kama bado kuna jiwe mkononi mwa mtu.

"Mjomba, mbwa koko ni mbwa wa aina gani?"

Ah, umeuliza vizuri sana! Mbwa koko ni mbwa asiye na nyumba wala mwenyewe. Akipata nyumba asubuhi, ikifika jioni si koko tena. Ni kama mtu anayeitwa msafiri. Akishafika na kuvua viatu, nani atamwita msafiri? Zamani za ukoloni kulikuwa na neno baya zaidi. Wazungu waliwaita mbwa wetu wa kienyeji mbwa shenzi. Neno hilo tuliache huko huko lilikotoka. Mbwa huyu hajamkosea mtu adabu.

"Basi mbona mguu mmoja mweupe na masikio hayafanani?"

Ninyi leo mmeamka na akili! Haya, twendeni nami hadi jikoni, kwenye chungu cha shangazi yenu. Ndani yake mna mahindi na maharagwe. Maharagwe mekundu yamo, ya madoadoa yamo, na kunde zimo. Sasa shangazi anachota. Bakuli la kwanza lina maharagwe mengi mekundu. Bakuli la pili lina kunde nyingi. Bakuli la tatu lina mahindi matupu na haragwe moja la madoadoa juu. Chungu ni kimoja. Mabakuli hayafanani.

Ndivyo ilivyo kwa mbwa wa mchanganyiko. Mama yake alikuwa na mama, na mama wa mama alikuwa na mama. Baba zake walitoka kila upande. Wote walitia kitu chunguni. Kila kilebu alipozaliwa alichotewa bakuli lake. Mmoja alipata rangi ya vumbi. Mwingine alipata madoa. Huyu wetu alichotewa mguu mmoja wa unga wa muhogo.

Mbwa wa aina moja, wale wa picha za kalenda, ni kama chungu ambacho watu wamekuwa wakitia maharagwe mekundu peke yake kwa miaka mingi. Chungu hicho kinapendeza. Lakini mbegu ile moja ikiwa na ugonjwa, bakuli zima lina ugonjwa. Chungu cha mchanganyiko kina mbegu nyingine za kusaidia. Sisemi mbwa wa mchanganyiko haugui. Anaugua, na anamhitaji daktari kama mwingine yeyote. Ila magonjwa fulani ya kurithi humpata kwa nadra zaidi.

"Na mbona si mkubwa, wala si mdogo?"

Naye amechotewa hivyo hivyo. Daktari wa mifugo alimpima. Kilo 18! Hilo ni debe moja la mahindi. Mabega yake yananifika gotini. Huyu ni mbwa wa kiasi. Hali sufuria nzima ya chakula. Hamwangushi mtoto akimkimbilia. Akisikia mtu usiku, sauti yake inafika barabarani. Kwa ua wa nyumba kama yetu, debe moja la mbwa linatosha.

"Ulimchukuaje, mjomba? Ulimkamata?"

Hapana, mwanangu. Polepole. Polepole kama uji juu ya makaa. Ukichochea kwa haraka, unamwagika na kuzima moto.

Kwanza niliuliza, "Huyu ana mwenyewe?" Hilo ndilo la kwanza. Mbwa wengi wanaotembea barabarani wana nyumba. Wametoka tu kutembea, kama ninyi mnavyotoka kucheza mpira. Nikamuuliza mama wa chapati. Nikawauliza madereva. Nikamuuliza mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1. Wote wakasema, "Huyo? Huyo ni wa foleni."

Pili, nilikaa chini. Sikumtazama machoni. Mbwa anayeogopa akitazamwa machoni hudhani anatishiwa. Nikamgeuzia ubavu. Nikaweka kipande cha posho na mukene kidogo, wale samaki wadogo ambao ng'ambo mnawaita omena. Nikanyamaza. Siku ya kwanza alikula nilipoondoka. Siku ya pili alikula nikiwa mbali. Siku ya tatu alikuja akanusa kiatu changu. Akakinusa kweli kweli!

"Alikuwa anatafuta nini kwenye kiatu?"

Alikuwa anasoma, mwanangu. Sisi tunasoma kwa macho, yeye anasoma kwa pua. Ndani ya pua zetu mna vipokezi vya harufu vipatavyo milioni 5 au 6. Ndani ya pua ya mbwa vinakisiwa kuwa milioni 200 na zaidi. Wewe ukipita jikoni unasema, "Shangazi anapika maharagwe." Yeye akipita anasema, "Haya mahindi, hizi kunde, hiki kitunguu, huu moshi wa kuni, hii mikono ya shangazi, na hapa alipita kuku asubuhi." Kwenye kiatu changu alisoma ninapoishi, ninachokula, na kama nina mbwa mwingine. Akamaliza kusoma. Akakaa.

Lakini nisikilizeni kwa makini. Hilo nililifanya mimi, mtu mzima. Mtoto hamwendei mbwa asiyemjua. Mbwa anakula? Mwache. Analala? Mwache. Ananyonyesha? Mwache kabisa. Akikujia mbio, usikimbie wala usipige kelele. Simama wima kama mti. Mti haukimbizwi. Ukiona mbwa anayumba, anatokwa na mate mengi, anauma vitu ovyo au amebadilika tabia, ondoka polepole ukamwambie mtu mzima.

Huko mijini wapo watu ambao kazi yao ni kuwaokoa mbwa kama huyu. Nairobi, mtaa wa Karen, kuna chama cha KSPCA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Kampala kuna USPCA. Huko mtu huenda, akaulizwa maswali, akatazama, akachukua mbwa aliyekwisha kutibiwa. Na Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna jambo lililonigusa sana moyo. Shirika la BIG FIX Uganda lina mradi uitwao The Comfort Dog Project. Unawakusanya mbwa wasio na nyumba, unawatibu, kisha unawaunganisha na watu walioumizwa na vita vya waasi wa Lord's Resistance Army.

"Mbwa anamsaidiaje mtu wa vita, mjomba?"

Fikiria mtu anayeamka usiku akipiga kelele kwa ndoto mbaya. Anafungua macho, gizani. Karibu yake kuna kitu chenye joto, kinapumua, hakisemi neno. Anakishika. Anakumbuka kwamba vita vimekwisha. Mbwa aliyetupwa hufunzwa pamoja na mtu aliyeumia, kisha wanaponyana. Hapo nani amemwokoa mwenzake?

Huku kwetu mpakani, mara nyingi mwokozi ni jirani tu. Basi jirani ajifunze kuokoa vizuri.

Turudi kwa mbwa wetu. Aliponizoea, nikakodi pikapu. Tukatoka Malaba, tukapita Tororo. Tulipofika karibu na mwamba, akanyanyua pua juu. Nadhani aliukumbuka. Kabla ya kufika nyumbani tulipita kwa daktari wa mifugo. Akamtoa kupe. Akampa dawa ya viroboto na dawa ya minyoo. Akamtoa funza miguuni, kwa kuwa funza hutoka kwa mbwa kwenda kwa watoto, na kwa watoto kwenda kwa mbwa, kupitia vumbi la ua. Ndiyo maana ua huu mnauona umefagiliwa na kumwagiwa maji. Mwisho daktari akachukua sindano.

"Kwa nini achomwe sindano na hakuwa mgonjwa?"

Huyu mtoto! Njoo nikushike mkono. Swali hilo wakubwa wengi hawajaliuliza.

Kuna ugonjwa uitwao kichaa cha mbwa. Unakaa kwenye mate. Mbwa mgonjwa akiuma, mate yanaingia kwenye jeraha, na ugonjwa unapanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Ukishafika huko na dalili zikaonekana, karibu hakuna mtu anayepona. Duniani unakisiwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Watu 99 kati ya kila 100 wanaougua huupata kwa mbwa. Na watoto wa miaka 5 hadi 14 ndio wanaopatwa mara nyingi. Watoto kama ninyi. Ndiyo maana nasema bila kucheka.

Sasa, fikirini kijiji cha nyumba kumi, zote za nyasi. Moja ikishika moto, cheche inaruka kwenye ya pili, ya tatu, ya nne. Kijiji kinateketea. Lakini saba zikiezekwa kwa mabati, cheche inaruka, inaanguka juu ya bati, inazima. Hata zile tatu za nyasi zinapona! Chanjo ni bati. Wataalamu wanasema mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kurukia. Sindano ya huyu mbwa inawalinda hata watoto wasiomjua.

Na chanjo ya watu nayo ina hadithi yake. Mwaka 1885, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Mama yake akampeleka Ufaransa kwa mtaalamu Louis Pasteur. Akachomwa chanjo mpya, siku baada ya siku. Akapona, akawa mtu mzima. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na leo tarehe hiyo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

"Nikiumwa nifanye nini, mjomba?"

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, imba nyimbo zako zote na uendelee kuosha. Usipake mafuta ya taa. Usipake pilipili. Mwambie mtu mzima, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Hapa hakuna atakayekugombeza.

Haya, sasa mgeni amefika nyumbani. Wahenga walisema nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnaijua methali hiyo? Vizuri. Lakini mgeni huyu wa miguu minne tusimpe jembe siku ya tatu. Waliozoea kupokea mbwa huhesabu hivi: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu.

Siku tatu za mwanzo anaogopa. Anajificha nyuma ya kibanda. Pengine hali. Hapo kazi yetu ni maji safi, chakula na kimya.

Wiki tatu anajifunza. Anajua saa ya chakula. Anajua mlango gani unalia. Anajua kuku wa nyumba hafukuzwi. Hapo kazi yetu ni kumfundisha kwa upole. Akifanya vizuri, apewe kipande cha ugali na neno zuri. Akikosea, asipigwe. Fimbo haimfundishi mbwa kuacha kosa, inamfundisha kumwogopa mwenye fimbo.

Miezi mitatu anaamini. Siku moja utamwona amelala chali, tumbo juu, katikati ya ua. Hapo ujue amesema, "Nimefika."

Huyu wetu ana siku kumi tu. Daktari ametuambia tumtazame kwa makini, kwa hiyo bado hatumshiki. Mnaona sikio lililolala? Jana lilisimama kidogo. Tusubiri. Polepole kama uji juu ya makaa.

"Mjomba, nyumbani kwetu mbwa haingii ndani. Baba amesema mate yake ni najisi."

Umesema kweli, mwanangu wa madrasa, na baba yako tunamheshimu. Mbwa huyu ana kibanda chake nje, na chombo chake cha chakula ni chake peke yake. Lakini mwalimu wako amekufundisha pia habari ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha. Mungu alimlipa nini mtu yule? Alimsamehe. Basi unaweza kumwonea mbwa huruma, na nyumba yako ikabaki safi.

Wote, mkishacheza karibu naye, mnawe mikono kwa sabuni. Chakula chake ni ugali na mukene, na mboga bila kitunguu. Mfupa wa kuku uliopikwa hapana, huvunjika vipande vikali na kumchoma tumboni. Chokoleti hapana, kwake ni sumu. Na daktari atakapomwona amenawiri, atamfunga kizazi. Mimba ya mbwa ni siku kama 63 tu, miezi miwili, na tayari kuna vilebu wengine chini ya meza ya mihogo. Nani atawalisha wote? Kilebu asiyezaliwa hakanyagwi na pikipiki.

"Mjomba, tukupe kuku wawili, tumchukue jioni tuvuke naye Kenya?"

Ha! Nilijua litakuja hilo. Kaeni niwaambie habari ya mpaka.

Zamani hapa hapakuwa na mpaka. Waiteso, Wasamia na ndugu zao waliishi, wakalima, wakaoana. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda na kuitia upande ambao leo ni Kenya. Walikata kama mtu anayekata ugali kwa uzi. Shangazi akabaki kipande hiki, mpwa kipande kile. Lakini watu hawakuacha kutembeleana. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walibeba abiria kutoka kituo hiki hadi kituo kile, wakiita "boda! boda!" Ndiyo, neno boda boda lilizaliwa hapa kwetu, leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Na Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili, Museveni na Kenyatta, walifungua rasmi kituo cha pamoja hapa Busia. Maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri hukaguliwa mara moja tu.

"Basi na mbwa apite!"

Apite, lakini na karatasi zake. Cheti cha chanjo. Hati ya afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali. Kibali cha nchi anayoingia. Kwa nini? Kwa sababu kichaa cha mbwa hakina pasipoti na hakipangi foleni. Mbwa aliyevushwa kwa siri usiku anaweza kuvusha cheche kwenye nyumba ya nyasi upande wa pili. Karatasi ile ndiyo inayosema, "Huyu ameezekwa bati." Na tena, watoto wangu, mgeni aliyefika juzi hatumhamishi leo. Atakaa hapa. Ninyi mtakuja kumwona kila siku ya soko.

Sasa tumpe jina. Semeni.

"Simba!"

"Tomi!"

"Polisi!"

"Foleni!"

Na wewe mdogo, mbona umenyamaza? Sema tu, usiogope.

"Mpaka."

Msimcheke! Najua mnachosema: ndani ya Mpaka mna paka, na mbwa atakasirika. Lakini sikilizeni neno hilo. Lina maana mbili, kama chungu chenye vishikio viwili. Mpaka ni mstari unaotenga hapa na pale. Na mpaka ni neno la kufikia mbali. Nitakwenda nawe mpaka sokoni. Nitakusubiri mpaka jioni. Mbwa wa kiasi kama huyu, akitunzwa, huishi miaka 10 hadi 13. Wewe una miaka minane. Mpaka akizeeka, meno yameng'oka, macho yameingia ukungu, utakuwa kijana mkubwa. Je, nitamtunza mpaka ang'ate kiatu changu? Mpaka augue? Mpaka achoke kulinda? Hapana. Anayemleta mbwa nyumbani anamwambia neno moja tu: mpaka mwisho.

Umetupa jina, mdogo wangu. Umetushinda wote. Mwiteni taratibu.

"Mpakaaa."

Oneni! Oneni sikio! Lile lililolala limesimama. Nyamazeni, anasema tena.

"Nina pua. Nina mkia. Nina jina."

Nanyi mnaonisoma, wa Tororo, wa Malaba, wa Busia zote mbili na wa mbali zaidi, nawaomba jambo moja. Ukimwona mbwa koko barabarani, weka jiwe chini. Mwambie mtu mzima aulize kama ana mwenyewe, na kama hana, ampeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe. Na mkitaka kumchukua, kaeni kwanza kitako nyumbani mwenu, mjiulize: mpaka lini? Jibu likiwa mpaka mwisho, nendeni mkamlete.